Hans Berger: aliyeandika mawimbi ya ubongo, kisha akakaa na waliowahukumu wenye kifafa

Mzazi wa hapa Pwani aliyewahi kumpeleka mtoto hospitali kubwa kwa sababu ya kifafa huenda amekiona kipimo cha EEG. Mtoto hulazwa kitandani, akabandikwa vidude vidogo vyenye nyaya kichwani, akaambiwa afumbe macho, ayafumbue, avute pumzi kwa nguvu, na ikiwezekana alale kabisa. Hakuna sindano wala maumivu. Mistari hupanda na kushuka kwenye mashine, na hiyo ndiyo kazi ya ubongo wake ikijiandika. Kuna wazazi wanaoogopa wakidhani mtoto anatiwa umeme kichwani. Hatiwi chochote. Unasomwa tu umeme mdogo ambao Mwenyezi Mungu ameuweka humo humo ndani.

Wa kwanza kuusoma na kuuandika kwa mwanadamu alikuwa daktari wa Kijerumani aitwaye Hans Berger. Leo tumzungumze, kwa kheri aliyoiacha na kwa lile ambalo vitabu vingi vilikaa miaka bila kulitaja.

Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake, Anna, alikuwa binti ya Friedrich Rückert, mshairi maarufu na mwalimu wa lugha za Mashariki, Kiarabu na Kiajemi zikiwemo. Mzee huyo alitafsiri sehemu kubwa ya Qur'ani Tukufu kwa Kijerumani, na tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1888, miaka 22 baada ya kufa kwake. Nilipolijua hilo nilishangaa kidogo, maana nilikuwa nikimsoma Berger kwa sababu ya nyaya za kichwani tu, sikutarajia kuukuta msahafu nyumbani kwao.

Kijana alianza kusomea hisabati na nyota, akachoka mapema, akajiunga na jeshi la farasi kwa mwaka mmoja. Siku moja wakiwa mazoezini farasi wake alishtuka akamwangusha njiani, mbele ya gari la mzinga lililokuwa likivutwa na farasi wengine. Gari lilisimama karibu kabisa naye. Jioni ile ile akapokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akiuliza hali yake. Dada yake, aliyekuwa mbali nyumbani, alikuwa amesisitiza kwamba Hans yumo hatarini.

Sisi wenye mama na madada tunayajua mambo haya, na kwa kawaida tunasema ni damu tu, kisha tunaendelea na kazi zetu. Berger hakuweza kuyaacha. Aliamini kwamba hofu yake ilitoka kwenye ubongo wake ikamfikia dadaye, na akataka kujua ni nguvu gani iliyosafiri. Aliporudi chuoni alibadilisha masomo, akasomea udaktari. Mwaka 1897 aliingia kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu cha Jena, na ukiondoa miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 1938.

Kwa miaka mingi hakupata kitu. Alipima jinsi damu inavyotuma ubongo upige kama mshipa, akapima joto lake, yote bila jibu la maana. Wanaomjua walimwona mtu mkimya, mkali wa saa, asiye na mzaha. Mwaka 1919 akawa mkuu wa kliniki, lakini utafiti wake aliufanya karibu kwa siri, jioni baada ya kazi, katika chumba kidogo, na madaktari wengi waliokuwa chini yake hawakujua anachotafuta. Alijua kwamba mwaka 1875 Mwingereza Richard Caton alikuwa ameona umeme kwenye bongo za sungura na nyani, na hakuficha kwamba Caton alimtangulia. Kwa binadamu hakuna aliyekuwa ameuandika.

Mwaka 1924 ndio mlango ulipofunguka. Mwaka huo Mholanzi Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuandika umeme wa moyo, kipimo ambacho wazee wetu wa presha wanakijua vizuri. Chombo chake kilikuwa galvanomita yenye uzi mwembamba mno. Berger naye alichukua galvanomita ya namna hiyo akaielekeza kichwani. Tarehe 6 Julai 1924, mgonjwa kijana wa miaka 17 akiwa amefunguliwa fuvu kwa upasuaji, ndipo alipoona uzi ukitikisika.

Hapa namsifu. Mtu aliyesubiri zaidi ya robo karne angekimbilia magazetini. Yeye alijishuku. Umeme wa ubongo ni makumi machache tu ya sehemu za milioni za volti, na mwili umejaa umeme mwingine. Je, haya si mapigo ya moyo yanayofika kichwani? Akawa anaandika moyo na ubongo kwa pamoja, mstari juu ya mstari, mpaka akaridhika kwamba kila kimoja kina mwendo wake. Alimpima mwanawe Klaus mara nyingi. Aliona kwamba mtu akitulia na kufumba macho hutokea mawimbi kama kumi kwa sekunde, na akifumbua macho hupotea. Alingoja miaka mitano, akachapisha mwaka 1929.

Wenzake hawakumwamini. Ilibidi mwaka 1934 Edgar Adrian wa Cambridge, mwenye Nobel yake, ayarudie majaribio hadharani ndipo dunia ikakubali. Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Marekani walionyesha kwamba kifafa kina alama zake kwenye mistari, na kwamba usingizi tunaoudhani ni kuzimika tu una ngazi zake, kila ngazi na mawimbi yake.

Huku kwetu faida yake si ya kuhadithiwa. Mtoto akitetemeka na kugeuza macho tulisema ni nyuni, au jini la bahari, na wengine wangali wakisema hivyo. Pale Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome wamepima kwa EEG watoto waliolazwa na malaria kali, ambao damu yao ilishapimwa ikaonekana na vijidudu. Waligundua kwamba mtoto aliyezimia na kutulia kimya, pengine jicho tu limegeukia upande au mate yanamtoka, anaweza kuwa yumo ndani ya degedege wakati huo huo. Mama anadhani amelala.

Sasa lile jingine. Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafanyia upasuaji watu wenye maradhi yaliyodaiwa ni ya kurithi ili wasizae. Kifafa kilikuwa kwenye orodha. Takriban watu 400,000 walifanyiwa hivyo, wengi kwa nguvu. Kesi zao ziliamuliwa na mahakama maalumu ambamo madaktari walikaa pamoja na hakimu, na Berger alikaa katika ile ya rufaa. Mtu aliyekesha kwenye chumba kidogo akiuliza kama ni moyo au ubongo, hakuuliza hivyo hivyo mbele ya faili la binadamu mwenzake.

Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Wanazi walimwonea na kumsukuma nje. Nyaraka zilizosomwa baadaye zimeonyesha kwamba alikuwa amewatumikia. Nobel hakuipata. Tarehe 1 Juni 1941, akiwa mgonjwa na mwenye huzuni nzito, alijitoa uhai mjini Jena, akiwa na miaka 68. Ile nguvu aliyodhani ilisafiri kutoka kwake hadi kwa dadaye hakuiona hata mara moja kwenye karatasi zake.