Tom Simpson: mlima, vidonge na viongozi waliofumba macho

Kwetu Kasongo na Kabambare, kinga ndiyo gari la wengi. Inabeba mchele, mawese, hata mgonjwa. Mwenye kuisukuma mlimani saa ya jua kali anajua kwamba mwili unafika mahali unakataa. Tom Simpson alifika pale tarehe 13 Julai 1967, na alikuwa amemeza dawa ya kumzuia asisikie.

Simpson alizaliwa Novemba 1937 huko Haswell, Uingereza, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1956 alipata medali ya shaba na timu yake kwenye Olimpiki ya Melbourne. Mwaka 1959 akahamia Ufaransa kutafuta maisha kwa baiskeli. Mwaka 1962 akawa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya manjano ya Tour de France. Mwaka 1965 akawa bingwa wa dunia.

Siku zile, vidonge vya amfetamini vilikuwa vimeenea kati ya waendesha baiskeli. Dawa ile inaficha uchovu tu: mtu anaendelea hata moyo ukiwa unachoka. Viongozi walijua. Ufaransa ilitunga sheria ya kukataza mwaka 1965. Mwaka 1966 vipimo vilipoanza kwenye Tour, waendeshaji walishuka chini ya baiskeli kulalamika. Ila adhabu ilikuwa ndogo, na mashindano yakaendelea sawa vile.

Basi ikafika siku ya mlima Ventoux. Joto lilikuwa kali, na Simpson alikuwa anaumwa tumbo. Karibu na kilele akaanguka. Wakamrudisha juu ya baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka tena. Hakuamka. Alikuwa na miaka 29, akaacha mke na watoto wawili wa kike. Vidonge vilipatikana mfukoni mwake, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha amfetamini na pombe.

Kisha kifo chake vipimo viliongezwa. Lakini mwaka 1998, dawa za timu ya Festina zilikamatwa na watu wa forodha mpakani, si na shirikisho. Mwaka 1999 ndipo likaundwa shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, WADA. Mwaka 2012 Lance Armstrong alinyang'anywa ushindi wake 7 wa Tour, na waliomfuatilia walikuwa shirika la Marekani. Mwaka 2015, tume iliyoundwa na shirikisho la dunia lenyewe, UCI, ilisema wakubwa wake wa zamani walimpendelea Armstrong. Tangu 2021, kazi ya kupima imetolewa kwa shirika lingine, ITA.

Hilo ndilo somo la Simpson. Yeye alimeza mwenyewe, hatuwezi kuficha. Lakini mwenye kuuza mashindano hapashwi kuwa yeye peke yake mwenye kuyachunguza. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli ulifika Kigali, jirani yetu. Vijana wa huku wakianza kuota jezi ile, wazazi waulize mapema: nani anapima, nani anatangaza matokeo, na nani anamwajibisha kiongozi akinyamaza?