Dkt. Albert Schweitzer: Mpiga Kinanda Aliyejenga Hospitali

Tunapoadhimisha jubilii ya kwaya yetu ni vyema tukumbuke maisha ya mtu aliyetumia muziki wa kanisani kuponya wagonjwa katika bara letu la Afrika. Huyu ni Dkt. Albert Schweitzer, mpiga kinanda, mhubiri na daktari wa Lambaréné, nchini Gabon.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Kaysersberg, katika jimbo la Alsace. Leo jimbo hilo ni la Ufaransa, lakini wakati ule lilitawaliwa na Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji katika kijiji cha Gunsbach, ambako Wakatoliki na Waprotestanti walitumia jengo moja la kanisa, kila kundi kwa saa yake. Babu yake mzaa mama, naye mchungaji, alipenda vinanda kupita kiasi. Albert alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka mitano. Alipofika miaka tisa, tayari alishika nafasi ya mpiga kinanda wa kijiji alipokosekana ibadani.

Kinanda chenyewe hakikuwa kama hivi vya umeme tulivyozoea. Kilikuwa kinanda cha mabomba. Upepo husukumwa na mvukuto hadi kwenye mabomba mengi ya mbao na ya chuma, marefu na mafupi, na kila bomba hutoa sauti yake moja tu. Mpigaji hutumia vidole vya mikono, na miguu yake hukanyaga besi.

Huko Mulhouse Albert alifundishwa na Eugène Munch. Mwaka wa 1893 alikwenda Paris, na bingwa Charles-Marie Widor akakubali kumfundisha. Alisomea pia theolojia na falsafa katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, kisha akawa mhubiri katika Kanisa la Mtakatifu Nikolasi mjini humo.

Kwaya na vyama vya muziki

Schweitzer hakupiga kinanda peke yake. Strasbourg aliisindikiza kwaya ya Kanisa la Mtakatifu William, iliyoongozwa na Ernst Munch, nduguye Eugène. Mwaka wa 1905 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Bach cha Paris, kilichoandaa matamasha ya nyimbo za Johann Sebastian Bach. Mwaka huohuo alitoa kitabu kikubwa juu ya Bach. Aliwasihi pia wazee wa makanisa wasing'oe vinanda vya zamani ili kuweka vipya vya kiwandani. Mojawapo ya vile alivyovitetea ni kile cha Kanisa la Mtakatifu Thomas, Strasbourg, kilichojengwa mwaka wa 1741.

Uamuzi mgumu

Akiwa na miaka 21 aliweka nadhiri moyoni: hadi miaka 30 angeishi kwa masomo na muziki, na baada ya hapo angewatumikia watu kwa mikono yake. Mwaka wa 1904 alisoma katika jarida la wamisionari kwamba kazi ya Gabon ilikosa watu. Aliona Ulaya ni yule tajiri wa mfano wa Yesu, na Lazaro amelala mlangoni pake. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30, aliwaandikia jamaa na rafiki zake kwamba anaanza masomo ya udaktari. Wengi walimlaumu. Walisema anafukia talanta yake msituni.

Hata hivyo ni talanta hiyo iliyomfikisha. Ada ya mtihani wake wa udaktari aliilipa kwa fedha alizopata kwa kupiga kinanda katika tamasha la Munich mwaka wa 1911. Chama cha Bach cha Paris kiliandaa tamasha la kuchangia hospitali, na washirika wa kanisa lake la Strasbourg wakatoa sadaka zao. Mwaka wa 1912 alimwoa Helene Bresslau, aliyekuwa amesomea uuguzi ili wafanye kazi pamoja. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1913 waliondoka Gunsbach, masanduku 70 ya dawa na vifaa yakiwa yametangulia bandarini.

Lambaréné

Huko, kando ya mto Ogooué, chumba chake cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda la kuku. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi wakiwa na malaria, ukoma, malale na kuhara damu. Joseph Azoawani, mpishi wa zamani, alikuwa mkalimani na msaidizi wake. Bila Joseph daktari asingewaelewa wagonjwa wake.

Schweitzer alidhani ameaga muziki. Lakini Chama cha Bach kilikuwa kimempa piano iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, yenye pedali za miguu kama za kinanda cha kanisa. Ilifikishwa kwa mtumbwi mkubwa uliochongwa kutoka gogo moja. Jioni, baada ya kazi, aliifanyia mazoezi nyimbo za Bach hadi akazijua kwa moyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Wafaransa walimweka chini ya ulinzi kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani, na mwaka wa 1917 yeye na mkewe walipelekwa kambini Ufaransa. Kule hakukuwa na kinanda, kwa hiyo alifanya mazoezi juu ya meza, miguu ikikanyaga sakafu tupu. Vita viliisha akiwa mgonjwa na mwenye madeni ya hospitali. Mwaka wa 1920 Askofu Mkuu Nathan Söderblom wa Uswidi alimshauri azunguke nchini humo akihutubia na kupiga vinanda makanisani. Kwa wiki chache tu alipata fedha za kulipa madeni yaliyombana zaidi.

Mwaka wa 1924 alirudi Lambaréné na kukuta majengo yameanguka. Alianza upya, na mwaka wa 1927 hospitali ilihamia mahali pakubwa zaidi. Jamaa waliruhusiwa kukaa na wagonjwa wao na kuwapikia. Kila aliporudi Ulaya, makanisa yalimfungulia milango, watu walikuja kusikia Bach, na mapato yakanunua dawa. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1952, na fedha zake zikajenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alifariki tarehe 4 Septemba 1965 akiwa na miaka 90, akazikwa Lambaréné.

Mazuri na mapungufu

Tusimfanye malaika. Schweitzer alimwona Mwafrika kama ndugu, lakini ndugu mdogo, na aliwachelewesha Waafrika kushika madaraka katika hospitali yake. Waafrika wengi walimkosoa kwa hilo, na walikuwa na haki. Anayemhudumia mwenzake hana budi kumheshimu kama mtu mzima.

Lakini jambo moja maisha yake yanatufundisha sisi tunaoimba hapa Malakisi. Hospitali ile haikusimama kwa jasho la mtu mmoja tu. Kulikuwa na wanakwaya waliohudhuria mazoezi, vyama vilivyoandaa matamasha, makanisa yaliyofungua milango, na watu wa kawaida waliolipa kiingilio. Wengi wao hawakuiona Gabon hata siku moja. Basi tunapohesabu miaka ya kwaya yetu na nyimbo tulizoimba, tuhesabu pia waliofaidika kwa nyimbo hizo: mgonjwa aliyelipiwa dawa, yatima aliyelipiwa karo, mjane aliyeezekewa nyumba. Na orodha hiyo ikiwa fupi, miaka ijayo tuirefushe.