Karl Brandt: Tabibu aliyegeuka muuaji

KARL Brandt alizaliwa mwaka wa 1904 mjini Mulhouse, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Alibobea katika upasuaji na mnamo 1934 akawa daktari wa Adolf Hitler.

Mwaka wa 1939, Hitler aliwakabidhi yeye na Philipp Bouhler mpango wa kuwaangamiza wagonjwa waliodhaniwa hawatapona. Kufikia Agosti 1941, wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi.

Vita vilipokwisha, siku zake arobaini zilitimia. Mnamo Desemba 9, 1946, yeye na wenzake 22, wengi wao madaktari, walianza kushtakiwa mbele ya majaji wa Marekani mjini Nuremberg. Walidaiwa pia kuwafanyia majaribio wafungwa wa kambi za mateso bila idhini yao.

Brandt alijitetea kwamba maslahi ya taifa hutangulia ya mtu binafsi. Majaji walikataa hoja hiyo. Washtakiwa 16 walipatikana na hatia mnamo Agosti 1947, na saba, Brandt akiwemo, wakahukumiwa kifo. Alinyongwa Juni 2, 1948 katika gereza la Landsberg.

Hukumu hiyo ilizaa kanuni kumi za utafiti wa tiba. Ya kwanza ni kwamba binadamu asifanyiwe jaribio lolote pasipo hiari yake.