Wilt Chamberlain, mchezaji aliyefunga pointi 100 katika mechi moja

Tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka 1962, katika muji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, watu 4.124 waliingia uwanjani kuangalia mechi ya basketi ya ligi ya NBA. Televisheni haikuwapo. Usiku huo, Philadelphia Warriors iliishinda New York Knicks kwa pointi 169 kwa 147, na mchezaji mmoja wa Warriors, Wilt Chamberlain, akafunga pointi 100 peke yake. Hakuna mwingine aliyefikia hesabu hiyo katika NBA tangu siku ile.

Chamberlain alizaliwa Philadelphia tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 1936, katika familia ya watoto tisa. Alikua mrefu haraka, hadi mita 2 na sentimeta 16. Baada ya shule ya sekondari ya Overbrook, alienda Chuo Kikuu cha Kansas. Mwaka 1957 timu yake ilifika fainali ya vyuo vikuu, lakini ikapoteza mbele ya North Carolina kwa pointi 54 kwa 53, baada ya muda wa nyongeza mara tatu. Tangu hapo, jina la mtu anayeshindwa kwenye mechi kubwa lilianza kumfuata. Alicheza mwaka mmoja na Harlem Globetrotters, kisha akaingia NBA mwaka 1959.

Karatasi ya mechi ya Hershey inaonyesha namna pointi zile zilivyopatikana. Robo ya kwanza alifunga 23, ya pili 18, ya tatu 28, na ya mwisho 31. Alitupa mpira mara 63 na kuingiza mara 36, sawa na pointi 72, kwa sababu wakati huo NBA haikuwa na vikapu vya pointi tatu. Pointi 28 zilizobaki zilitoka kwenye mitupo huru: aliingiza 28 kati ya 32. Hapo ndipo ajabu ilipo, maana mitupo huru ilikuwa udhaifu wake mkubwa. Katika maisha yake yote ya NBA, aliingiza karibu nusu tu ya mitupo hiyo. Msimu ule alikuwa akitupa mpira kwa mikono miwili kutoka chini, mtindo ambao wengi waliuchekelea, na ambao baadaye aliuacha.

Aliongeza ribaundi 25, yaani mipira aliyoikamata baada ya kutupwa na kukosa kikapu. Lakini hakufanya kazi hiyo peke yake. Mwenzake Guy Rodgers alitoa pasi 20 zilizozaa vikapu, na Al Attles aliingiza mitupo yake yote minane ya uwanjani. Upande wa Knicks, Richie Guerin alifunga 39, Cleveland Buckner 33 na Willie Naulls 31.

Robo ya mwisho haikuwa tena mechi ya kawaida. Watazamaji walikuwa wakiomba Chamberlain apewe mpira. Knicks walianza kuwafanyia makosa wachezaji wengine wa Warriors ili mpira usimfikie, na Warriors nao wakafanya makosa ili waurudishe haraka. Zikibaki sekunde 46, Chamberlain aliingiza kikapu cha mwisho, na watu wakaingia uwanjani. Harvey Pollack, aliyekuwa akiandika hesabu za Warriors, alichukua karatasi, akaandika 100, akampa Chamberlain aishike mbele ya mpiga picha. Picha hiyo ndiyo dunia inaikumbuka.

Msimu huo Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50,4 kwa kila mechi. Hata hivyo, cheo cha mchezaji bora wa msimu kilienda kwa Bill Russell wa Boston Celtics. Na mwezi mmoja hivi baada ya Hershey, Warriors waliondolewa na Boston hao hao katika mechi ya saba, kwa pointi 109 kwa 107. Mtu aliyefunga 100 alikosa fainali kwa pointi mbili.

Mashindano kati yake na Russell yaliendelea miaka mingi. Mmoja alikuwa na hesabu kubwa, mwingine akamaliza na vikombe 11. Mwaka 1967, akiwa na Philadelphia 76ers, Chamberlain alipunguza kufunga na kuzidisha pasi. Wastani wake ulishuka hadi pointi 24,1, lakini timu ilishinda mechi 68 kati ya 81, ikaiondoa Boston iliyokuwa imechukua vikombe 8 mfululizo, na ikatwaa ubingwa. Msimu uliofuata, yeye ndiye aliyetoa pasi nyingi za vikapu kuliko wote katika ligi. Kikombe cha pili alikipata mwaka 1972 na Los Angeles Lakers, timu iliyoshinda mechi 33 mfululizo msimu huo.

Aliacha kucheza NBA mwaka 1973, akiwa na pointi 31.419 na ribaundi 23.924. Ribaundi hizo hazijazidiwa na mtu, wala zile 55 alizokamata katika mechi moja dhidi ya Boston mwaka 1960. Katika mechi zaidi ya 1.000, hakutolewa nje hata mara moja kwa kujaza makosa.

Kuna hesabu moja ambayo haimo. NBA ilianza kuandika mipira inayozuiwa njiani kuelekea kikapu katika msimu wa 1973-1974, mara tu Chamberlain alipoondoka. Wakongomani wanaijua vizuri kazi hiyo: Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alizuia mipira 3.289 na anashika nafasi ya pili katika historia ya ligi. Ile ya Chamberlain ilionwa na watu uwanjani, lakini haikuhesabiwa rasmi.

Wilt Chamberlain alikufa Los Angeles tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1999, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 63. Warriors, 76ers na Lakers, timu zote tatu alizochezea NBA, zimeiondoa namba 13 ili mtu mwingine asiivae.