Alexis Carrel, daktari aliyefundishwa sindano na watarizi

Fundi wa nguo katika soko la Gisenyi hashoni hariri kwa sindano ya gunia. Sindano nene huacha tundu, na kitambaa kimeharibika. Kwa madaktari wa karne ya 19 tundu kama hilo lilimaanisha kifo. Walipojaribu kuunga mshipa mkubwa uliokatika, damu ilivuja pale walipotoboa, au iliganda ndani na kuuziba.

Aliyepata njia alizaliwa karibu na Lyon, Ufaransa, tarehe 28 Juni 1873. Baba yake, mfanyabiashara wa nguo, alifariki Alexis akiwa bado mtoto. Lyon ulikuwa mji wa hariri, na jambo hilo lina uzito katika habari hii.

Juni 1894 Rais Sadi Carnot alichomwa kisu mjini humo. Kisu kilikata mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Mabingwa wa upasuaji walimpasua tumbo, lakini hawakujua namna ya kuunga mshipa huo, naye akafa usiku uleule. Carrel, mwanafunzi wa udaktari, hakukubali kwamba rais hakuweza kuokolewa.

Alikwenda kujifunza kwa Bi Leroudier, mtarizi mashuhuri wa Lyon. Ni madaktari wangapi wangekubali kufundishwa na fundi wa sindano? Mwaka 1902 alitangaza mbinu yake. Mdomo wa mshipa hushikwa kwa nyuzi tatu. Zikivutwa, duara huwa pembetatu, na daktari hushona upande mmoja mmoja ulionyooka. Pindo hugeuzwa nje ili bitana ya ndani igusane na bitana. Sindano ni nyembamba sana, na uzi wa hariri hupakwa vaselini damu isiugandie.

Kwao hakupata cheo alichokitaka. Mwaka 1904 alivuka bahari kwenda Kanada, kisha Marekani. Mwaka 1908, mjini New York, mtoto mchanga wa daktari mmoja alikuwa akivuja damu bila kukoma. Carrel aliunga ateri ya mkono wa baba na mshipa wa mguu wa mtoto. Damu ikapita, mtoto akapona. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel.

Siku hizi mgonjwa wa moyo anayewekwa kwenye mashine hupewa heparini ili damu isigande, na mwishoni protamini ili iweze kuganda tena. Hata hivyo, hakuna dawa inayoziba mshono uliolegea. Katika Hospitali ya King Faisal mjini Kigali, ambako vali za moyo zilizoharibika hubadilishwa, kazi bado inategemea mkono na uzi.

Heshima yake aliichafua mwenyewe. Katika kitabu cha mwaka 1935 aliandika kwamba baadhi ya wahalifu na wagonjwa wa akili wauawe kwa gesi. Nchini Rwanda maneno ya namna hiyo hayahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1941 alirudi Ufaransa na kuongoza taasisi iliyoanzishwa na serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Alifia Paris tarehe 5 Novemba 1944, miezi michache baada ya mji huo kukombolewa, akituhumiwa kuwa mshirika wao.