Panda baiskeli umfuate msoma mita wa Dagoretti

Kama una noti mfukoni, itoe uiangalie. Utaona jumba la KICC na sanamu ya mzee ameketi. Huyo unamjua. Ni Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. Ulifundishwa habari zake shuleni, ukazifanyia mtihani, ukazisahau.

Lakini kuna Kenyatta mwingine ambaye huenda hukuonyeshwa. Ni kijana wa mtaani, mtanashati, aliyezunguka Nairobi nyumba baada ya nyumba akisoma mita za maji ili apate mshahara. Jumamosi hii, kama una baiskeli au una rafiki wa kukuazima, mfuate huyo. Kutoka katikati ya jiji hadi Thogoto ni kama kilomita 20, na karibu njia yote utapanda.

Anzia hapo KICC, kwenye sanamu yenyewe. City Hall iko jirani. Jengo unaloliona lilijengwa baadaye, ila mwajiri wa kijana wetu alikuwa ni huyo huyo, serikali ya mji. Mwaka wa 1922 aliajiriwa katika idara ya maji chini ya Mzungu aliyeitwa John Cook. Alitunza stoo na kusoma mita. Wakati huo jina lake lilikuwa Johnstone Kamau, na alilipwa shilingi 250 kwa mwezi. Usicheke. Kwa Mwafrika wa enzi hizo hizo zilikuwa pesa za maana, hata baadhi ya makarani Wazungu walikuwa wakimkopa. Alivaa suti safi, akaenda sinema, akatazama mpira. Kwa lugha ya leo, jamaa alikuwa ameomoka.

Sasa fikiria ile kazi yenyewe. Mwafrika wa Nairobi alilazimika kutembea na kipande, na kulikuwa na mitaa ambayo hakuruhusiwa kuishi. Lakini msoma mita hufunguliwa lango. Kamau aliingia katika nyua za Wahindi na Wazungu, akasalimiana na watu, akaona kwa macho yake nani ana mfereji ndani ya nyumba na nani anategemea ndoo. Baadhi ya Wahindi aliokutana nao kwa njia hiyo walikuja kuwa marafiki zake wa siasa. Ukitaka kulijua jiji, ingia uani kwa watu. Yeye alilipwa kufanya hivyo.

Mwaka huo huo, Machi 16, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na barabara ambayo leo inaitwa Harry Thuku, kudai Thuku aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na zaidi ya watu 20 wakauawa. Kamau hakuwa mstari wa mbele. Alikuwa na mke na mtoto mdogo. Kama wengi wetu, alikuwa na mengi ya kupoteza.

Haya, kanyaga pedali. Pandisha Valley Road, ushike Ngong Road. Vaa kofia ya kinga, na uchunge mat zinazokatiza kuingia stage. Kulia kwako ni Kilimani, pale ambapo leo kila ploti imeota ghorofa. Kamau aliishi huko, kwenye kibanda. Usitafute alama yoyote, hutaipata.

Endelea hadi Dagoretti Corner, kisha uingie Riruta na Waithaka mpaka Dagoretti penyewe. Hapo mapaja yataanza kulalamika. Hapa ndipo alipojenga nyumba ya pili na kufungua duka, akaliita Kinyata Stores. Kinyata ulikuwa mshipi wa shanga aliopenda kuvaa, aina ya mishipi ya Wamaasai. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliishi Narok kwa jamaa zake wa Kimaasai, ili asikamatwe kwa kazi ya lazima. Kwa hiyo jina ambalo leo liko kwenye uwanja wa ndege, hospitali, chuo kikuu na barabara kuu liliwahi kuwa jina la duka la mtaa. Likukumbushe hilo kila unapopita kioski cha jirani.

Malizia kilima uingie Thogoto. Hapa uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na upepo ni wa baridi. Kamau alifika hapa kwenye misheni ya Waskoti mwaka wa 1909, akitoka kwao Gatundu. Alijifunza kusoma na useremala, akabatizwa mwaka wa 1914. Lakini kanisa hilo hilo lilikuja kumfungia meza ya Bwana, kwa sababu alimwoa Grace Wahu kwa mila na kwa sababu ya pombe. Waliandikisha ndoa yao kiserikali mwaka wa 1922.

Tafuta kivuli, nunua mahindi ya kuchoma, upumzike. Safari inayofuata hatufiki kwa baiskeli yako.

Mwaka wa 1928 Kamau aliacha mita. Chama cha Kikuyu Central Association kilimwajiri kuwa katibu mkuu, naye akaanza kuhariri gazeti la Muigwithania. Hoja ilikuwa moja, ardhi. Wazungu walikuwa wamechukua mashamba ya watu, na Dagoretti na Kiambu nzima ilijua. Februari 1929 chama kilimtuma London kupeleka malalamiko. Alirudi 1930, akaenda tena 1931. Mara hii alikaa miaka 15.

Huko alisoma Birmingham, akapita Moscow, akaingia London School of Economics kwa mwalimu Bronislaw Malinowski. Mwaka wa 1938 alichapisha kitabu chake, Facing Mount Kenya, kwa jina jipya la Jomo Kenyatta. Mara nyingi hakuwa na hela. Aliwahi hata kuigiza kama mmoja wa umati katika filamu ya Sanders of the River ili apate cha kutia tumboni.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939 alitoka London akahamia kijiji cha Storrington, wilaya ya Sussex, chini ya vilima vya South Downs. Ukitoka Thogoto utaviona vilima hivyo kama matuta tu, kwani hata kilele chake cha juu zaidi hakifiki mita 300. Lakini ni nchi ya kupanda na kushuka, yenye njia nyembamba, makanisa ya mawe na mashamba yaliyozungushiwa ua. Petroli iligawiwa kwa vipimo wakati wa vita, hivyo baiskeli na miguu ndivyo vilivyotawala barabara za mashambani.

Mtu aliyetumwa kudai ardhi ya watu wake alikodi kipande kidogo cha ardhi ya Waingereza, akapanda mboga na kufuga kuku. Alifanya kibarua shambani, kisha kwenye vibanda vya vioo vya kukuzia nyanya. Jioni alionekana kwenye baa ya kijiji, ambako walimbandika jina la Jumbo. Alitoa mihadhara kuhusu Afrika kwa wanajeshi na kwa madarasa ya wafanyakazi. Tena alikuwa akiwaendea watu walipo, kama enzi za mita.

Mwezi Mei 1942 alimwoa mwalimu Mwingereza, Edna Clarke, na mwaka uliofuata wakapata mtoto, Peter Magana. Hapo ndipo hadithi inauma. Dagoretti alikuwa amemwacha Wahu na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret Wambui. Wambui alikuwa mtoto mchanga baba yake alipoondoka mara ya kwanza. Kenyatta aliposhuka melini Mombasa, Septemba 1946, msichana huyo alikuwa wa miaka 18. Na safari hiyo ya kurudi ilimwacha Edna Sussex na mtoto wa miaka mitatu. Kila upande kuna mama aliyebaki akilea peke yake ili mwanamume mmoja aitumikie nchi. Vitabu vingi vinampa Wahu mstari mmoja. Alifariki mwaka wa 2007, baada ya kuishi kimya karibu miaka 29 zaidi ya mumewe.

Yaliyofuata unayajua. Kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, kifungo, kuachiliwa 1961, uhuru Desemba 12, 1963. Edna alialikwa kwenye sherehe hizo akaja. Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978.

Sasa geuza baiskeli urudi mjini. Kushuka ni raha, hukanyagi sana, na akili inapata nafasi ya kufikiri. Huyu alijua ndoo ni nini, akajua kukodi robo ya shamba ni nini. Lakini chini ya serikali yake, mashamba mengi yaliyotoka kwa Wazungu yaliishia kwa wenye pesa na wenye majina, familia yake ikiwemo, huku wengi waliopigania ardhi wakibaki bila hata kishamba. Msoma mita aliingia kila ua. Rais alipita na msafara.

Ukipita Kawangware utawaona watu wamepanga foleni ya mitungi ya maji. Kilomita chache tu mbele, nyumba zina vidimbwi vya kuogelea. Simamisha baiskeli kidogo uangalie pande zote mbili, kama kijana wa shilingi 250 alivyokuwa akiona kila siku. Na kabla hujalala, mpigie simu mama.