Heaviside, karani wa simu aliyeijua siri ya koili

Gari lenye redio ya masafa ya mbali linapoingia jangwani kusini ya Adam, nchini Oman, hubeba antena ya mita mbili au tatu yenye uvimbe katikati. Uvimbe huo ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Hesabu za kuufahamu umeme unaopita humo zinatokana kwa sehemu kubwa na Mwingereza mmoja ambaye hakukanyaga chuo kikuu.

Oliver Heaviside alizaliwa London tarehe 18 Mei 1850, katika familia maskini. Homa nyekundu ya utotoni ilimwacha mzito wa masikio. Alifanya kazi ya ukarani wa simu, Denmark na Newcastle, akaiacha mwaka 1874. Hakuajiriwa tena maishani. Alirudi kwa wazazi wake, akajifungia na vitabu.

Koili huukaidi umeme unaobadilika. Tabia hiyo Heaviside aliipa jina la indaktansi mwaka 1886. Mwaka uliofuata akaeleza kuwa ikiongezwa katika nyaya ndefu za simu, sauti itafika safi. William Preece, bingwa wa umeme wa Posta ya Uingereza, aliamini kinyume chake na akazuia makala yake. Mwaka 1900 Mihajlo Pupin alipata hataza ya koili hizo Marekani, na kampuni ya AT&T ikamlipa fedha nyingi. Heaviside hakupata hata senti. Ni vigumu kuiita hiyo bahati mbaya tu.

Katika antena kazi ni nyingine kidogo. Kwa masafa ya megahezi 7, antena ya wima inahitaji kama mita 10, na hakuna dereva atakayebeba mlingoti huo. Koili husawazisha ufupi, lakini haijazi mita zilizokosekana, kama wengi wanavyodhani. Mkondo unaoingia chini ya koili fupi hutoka juu karibu ule ule. Koili ikiwa ndefu, sehemu ya mkondo huvuja kupitia hewani kuelekea bodi ya gari na ardhi, na unaotoka juu huwa mdogo zaidi. Kutoka hapo hupungua hadi sifuri nchani. Ndiyo maana mafundi huipandisha koili katikati, ili sehemu ya chini, inayorusha mawimbi zaidi, ibaki na mkondo mkubwa.

Mwaka 1902 Heaviside, na Arthur Kennelly huko Marekani, walisema juu angani kuna tabaka linalorudisha mawimbi duniani. Kwa njia hiyo, waliorudi Oman kutoka Zanzibar waliweza kusikia Kiswahili cha London na Cologne kwenye masafa mafupi.

Uzeeni aliishi peke yake Torquay, akiwa na mawe makubwa nyumbani badala ya samani. Desemba 1924 Edward Appleton alithibitisha kwa majaribio kuwa tabaka lile lipo. Heaviside alifariki tarehe 3 Februari 1925.